Uzito wa kikapu

Shangazi yangu hununua kwa mkono wa kushoto. Wa kulia kazi yake ni kubonyeza nyanya, kuchota maharage na kuyapepeta kiganjani, kuhesabu noti. Wa kushoto umebeba kikapu cha ukindu, na huo ndio wenye kauli. Ukianza kuuma pale kwenye kiwiko, shangazi husema "basi", tukageuka kuelekea kituoni, hata kama meza inayofuata ina maembe mazuri kuliko yote yaliyoingia soko la Ilala siku hiyo. Nimeandamana naye sokoni tangu nina miaka saba, kazi yangu ikiwa kushika ndimu na pilipili zisipondwe, na kwa muda mrefu nilidhani ana mkono dhaifu.

Nilimwelewa nilipoanza kulisha nyumba yangu mwenyewe. Jumamosi moja, mshahara ukiwa umeingia juzi yake, nilipita supamaketi iliyo njiani kwangu kununua mchele kilo tano, mafuta ya kupikia lita mbili na sabuni ya kufulia. Nilipofika nyumbani nilivipanga vitu vyote mezani, risiti mkononi, nikavitenga mafungu mawili. Vile nilivyoviendea vilikuwa sh 31,500. Vile vilivyonifuata vilikuwa sh 46,200.

Hapakuwa na kitu cha ajabu kwenye fungu la pili. Mtindi wa ladha ya stroberi vikombe vinne, soseji, biskuti pakiti tatu, juisi ya boksi, jamu, chupa ya sosi, tishu zenye manukato. Vitu vya kawaida tu, vinavyoliwa na watu. Lakini hakuna hata kimoja ambacho asubuhi yake, nikinywa chai, ningesema nyumba hii inakihitaji. Na sh 46,200 kwangu ni mwezi mzima wa twisheni ya binti yangu, na chenji inabaki.

Wengi tukifika hapo tunajilaumu. Tunasema sina nidhamu, nina mkono mwepesi, pesa haikai kwangu. Siikubali lawama hiyo, na ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya. Nidhamu niliyokuwa nayo Ilala Jumamosi ya kabla yake ndiyo ile ile niliyoingia nayo supamaketi. Tofauti ni kwamba Ilala nilikuwa nimebeba, na supamaketi nilikuwa nasukuma.

Toroli lina mtu aliyelibuni na lina sababu yake. Sylvan Goldman alikuwa na maduka ya vyakula mjini Oklahoma City, Marekani. Aliona kwamba wateja wake, waliokuwa wakitembea dukani na vikapu vya mkononi, wanaacha kununua pale kikapu kinapokuwa kizito. Mwaka 1937 akachukua wazo la kiti cha kukunja, akaweka vikapu viwili juu ya fremu yake, akaifunga magurudumu. Mwanzoni wateja walikikataa chombo hicho. Ikabidi aajiri watu wa kujifanya wateja, wazunguke dukani wakisukuma matoroli, mpaka wengine wakaanza kuiga.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilimkumbuka shangazi palepale. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekwisha kuonekana huko Oklahoma zaidi ya miaka 80 iliyopita, na toroli liliundwa ili mkono huo usipate la kusema. Ndiyo maana siku hizi toroli silichukui, labda nikiwa nakwenda kununua gunia la unga. Nabeba kikapu. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ilinisaidia bila kukusudia, maana ilituzoesha tena kutoka nyumbani na chombo. Anayekisahau anauziwa mfuko mbadala pale kaunta, na ukinunua mmoja kila wiki, hesabu ya mwaka inatosha kununua kikapu kizuri cha ukindu na kingine cha kumpa jirani.

Mkono si peke yake ulionyamazishwa. Mdomo nao.

Duka la Mangi mtaani kwetu lina nondo mbele, zimeachwa uwazi wa kupitisha mkate. Ukifika unasimama nje, unasema: "Mangi, nipe sukari nusu, majani ya chai na kiberiti." Kitu usichokitaja hakitoki. Wakati mwingine unakuta umesimama, umesahau ulichotumwa, na Mangi anakuangalia tu, hana la kukusaidia. Nondo zile ziliwekwa kwa ajili ya wezi, lakini zimelinda mifuko ya wateja pia, kwa sababu zinakulazimisha uwe umeamua kabla hujafika.

Zamani hata Marekani maduka ya vyakula yalikuwa hivyo: muuzaji nyuma ya kaunta, mteja anataja, analetewa. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua duka mjini Memphis, jimbo la Tennessee, akaliita Piggly Wiggly. Mteja aliingia mwenyewe ndani, akafuata njia moja iliyompitisha mbele ya rafu zote, akatokea kwa mpokea fedha. Saunders aliupatia mpangilio huo hataza mwaka uliofuata. Kuanzia hapo kazi ya mdomo yakapewa macho, na macho, kama wasemavyo wahenga, hayana pazia.

Supamaketi za kwetu zimerithi njia ile ile. Angalia mkate na maziwa yanakaa wapi. Mara nyingi ni mwisho kabisa, ili mwenye haja ya mkate apite kwanza kwenye biskuti. Angalia kilichowekwa usawa wa macho na kilichoshushwa chini karibu na sakafu, ulinganishe bei. Na kama una mtoto, ukiwa kwenye foleni ya kulipia, chuchumaa mpaka kichwa chako kiwe usawa wa kichwa chake. Utaliona duka analoliona yeye: chokoleti, ubani, mayai ya plastiki yenye vikaragosi ndani, vyote vipo mkono unapofika. Nilifanya hivyo siku moja binti yangu alipokuwa na miaka minne, na tangu siku hiyo sijamkemea tena mbele ya kaunta. Tukiwa bado nyumbani namwambia leo tunachukua kitu chako kimoja, kitaje sasa hivi. Anakitaja, nakiandika kwenye orodha pamoja na chumvi na vitunguu, na akifika dukani anajua chake ni kipi.

Karatasi ya orodha, basi, kazi yake ni kuurudisha mdomo. Watu wengi wanaiandika wakiwa ndani ya daladala, kwa kukumbuka. Hapo unaandika matamanio. Iandikie jikoni, mlango wa kabati ukiwa wazi, baada ya kula. Mimi huinua kopo la sukari nikalitikisa, hufunua ndoo ya unga nikaitazama. Mara ngapi nimenunua bizari nyembamba nikaikuta nyingine nyumbani, haijafunguliwa?

Nina utaratibu mmoja juu ya hapo. Nikikutana dukani na kitu ambacho hakimo kwenye orodha na moyo umekipenda, nageuza karatasi nakiandika nyuma, pamoja na bei yake. Nitakinunua wiki ijayo. Nyuma ya karatasi ya Jumamosi iliyopita pameandikwa chujio la chai, siagi ya karanga na soksi za shule. Chujio nimelinunua, maana la zamani limetoboka. Siagi ya karanga sikumbuki tena kwa nini niliitaka. Soksi nilizikuta nusu ya bei ile kwenye meza ya mtaani.

Kuhusu kununua ukiwa na njaa, sihitaji profesa wa kunieleza. Nimelelewa kwenye nyumba ya waliofunga. Mwenye saumu akienda sokoni saa 10 jioni anaona kila kitu kwa tumbo. Anachukua mihogo, anachukua magimbi, anaona viazi vitamu, halafu boga, halafu tambi, halafu tende za aina mbili, na nyumbani wako watu watano. Ikifika saa 3 usiku nusu ya futari imebaki kwenye sufuria. Mama yangu Mwezi wa Ramadhani alikuwa akinunua asubuhi, daku ikiwa bado tumboni, na tende alikuwa amekwisha kuziweka tangu Shaabani, kabla bei haijapanda. Hilo la kununua asubuhi nimelichukua hata nje ya Ramadhani, na ninaliona kwenye risiti zangu.

Isije ikadhaniwa kwamba soko ni mahali pa malaika. Fungu la nyanya hupangwa zile nzuri zikiangalia mteja na zilizopondeka zikiangalia meza. Sado nalo, kopo lile la rangi ambalo limekuwa kipimo chetu cha maharage, viazi na mchele, linaweza kubondwa kitako kikaingia ndani, na macho yako yasione kitu. Nilinunua sado mbili za maharage siku moja, kwa bei moja, kwa wauzaji wawili waliopakana, nikazipima nyumbani kwenye mizani ya jikoni. Moja ilitoa kilo 3.4, nyingine kilo 3 kamili. Hiyo tofauti ni mboga ya siku moja. Shangazi hajawahi kumiliki mizani, lakini kabla maharage hayajamiminwa huomba kopo, akapitisha vidole ndani mpaka chini, akalirudisha kwa adabu. "Pima sasa, baba," humwambia muuzaji. Na anapopimiwa huwa hasemi kitu mpaka lijae, ndipo anapoomba nyongeza.

Jambo jingine analolifanya, ambalo vijana wengi hawana subira nalo, ni ule mzunguko wa kwanza. Tukifika tunalizunguka soko zima mikono mitupu. "Shikamoo mama, karibu nyanya!" "Marahaba mwanangu, nakuja." Anauliza bei, anaitikia, anapita. Hata kitu kikiwa rahisi namna gani, mzunguko wa kwanza hatununui. Tukimaliza anajua nyanya za Iringa zimeshuka au zimepanda, karoti za Lushoto zimeingia nyingi au chache, na jioni tutapika nini. Anaachia bei ya siku hiyo ipange mlo. Mimi nilikuwa nikifanya kinyume: naamua kupika pilipili hoho na njegere, halafu naulipia uamuzi wangu kwa bei yoyote nitakayoikuta.

Kuna suala la pesa yenyewe, namna inavyotoka. Shangazi hufunga noti kwenye pindo la khanga, na kila akilipa hana budi kufungua fundo. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 tuliishangilia, na nitaendelea kuishukuru kila ninapomtumia mama pesa usiku. Lakini kulipa kwa lipa namba ni kubonyeza tarakimu chache, hakuna noti inayokuacha mkononi, na salio likipungua simu inakuuliza kama ungependa kukopeshwa ili muamala ukamilike. Mwaka 2001 watafiti wawili wa chuo cha MIT, Drazen Prelec na Duncan Simester, walieleza majaribio ambayo watu walishindania tiketi za mechi kwa kutaja bei. Walioambiwa watalipa kwa kadi ya mkopo walitaja bei kubwa zaidi, kwa mbali, kuliko walioambiwa watalipa taslimu. Tiketi zilikuwa zile zile. Kwa ajili ya chakula nimerudi kwenye noti: natoa pesa ya wiki siku ya Ijumaa, naiweka kwenye bahasha ya khaki, na simu inabaki kwa ajili ya umeme na nauli.

Ukilipa taslimu utakutana na lile la chenji. Bei imeandikwa 9,950, unatoa 10,000, na keshia anakupa pipi. Sarafu ya 50 hana. Pipi ile hukuiomba, hukuitaja, haimo kwenye orodha yako, lakini umeinunua. Sisemi tugombane na keshia, ambaye naye ni mwajiriwa na hakupewa sarafu asubuhi. Natembea na sarafu zangu kwenye kichupa cha vidonge, natoa kamili. Huwa anashukuru.

Nimefika sasa kwenye jambo linalonikera kuliko yote, nalo halihusu mtindi wala biskuti. Ushauri mwingi wa kubana matumizi huishia kusema nunua kwa jumla. Nunua gunia, nunua dumu. Ni kweli jumla ni nafuu. Nilichukua chupa ya kunyonyeshea mtoto, ile yenye alama za mililita, nikaenda nayo dukani kununua mafuta ya kula ya kupima ya sh 1,000. Yaliishia kwenye alama ya 125. Lita moja kwa kipimo hicho ni sh 8,000, na kwenye duka lile lile chupa ya lita moja iliyofungwa ilikuwa inauzwa sh 6,500. Anayenunua kidogo kidogo kila jioni anamzidi mwenye uwezo kwa sh 1,500 katika kila lita, na yeye ndiye mwenye kipato kidogo. Sukari ya robo ni hivyo hivyo, unga wa nusu kilo ni hivyo hivyo, mkaa wa kopo ndio usiseme.

Lakini dada anayeuza maandazi, anayeondoka na sh 7,000 jioni, atalitoa wapi gunia? Kumwambia anunue kwa jumla ni kumwongezea simanzi. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo, na kibaba hicho hicho hutolewa haba na haba mpaka kikabaki kitupu. Njia ninayoijua iliyomfaa mtu wa namna hiyo nimeiona kwenye ua wa nyumba tuliyokuwa tumepanga. Wanawake sita walicheza mchezo, kila mmoja akitoa sh 2,000 kwa siku, na badala ya kumpa mmoja fedha taslimu, kila baada ya wiki mbili walikwenda Tandale kununua mchele na maharage, na dumu la mafuta la lita 20. Waligawana uani, juu ya mkeka, kwa kopo moja, na mwenye kopo alikuwa wa mwisho kuchukua. Hiyo ya mwisho niliipenda sana. Anayejua atachukua kinachobaki hupima kwa haki.

Waliangalia pia majira. Mchele mpya ukianza kuingia baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, walikuwa wakitoa zaidi, wakanunua wa kuvuka nao mpaka bei ilipopanda, wakauhifadhi kwenye ndoo zenye vifuniko vya kubana ili fukusi wasiuingie. Walichokataa kabisa ni kununua nyanya kwa tenga. Walijaribu mara moja, zikaoza robo yake kabla ya Alhamisi, na bei nafuu ikawa imeliwa na jalala. Kitu kinachooza hakina jumla kwa mwenye nyumba asiye na friji, na hata mwenye friji ajiulize kwanza watu wake ni wangapi. Ofa za nunua mbili upate ya tatu nazisoma hivyo hivyo: nageuza boksi natafuta tarehe ya mwisho wa matumizi, maana mara nyingi ndiyo inayoeleza ukarimu ule umetoka wapi.

Bahasha yangu ya khaki imenifundisha kwamba wiki nzuri hazifanani. Kuna wiki wageni wanakuja na hesabu inavunjika, na sioni vibaya, mgeni hapimiwi. Kuna wiki inabaki sh 9,000, naihamishia kwenye bahasha ya twisheni. Mwezi uliopita ada ilijaa kabla ya tarehe 25, nikaipeleka mwenyewe.

Jumapili iliyopita nilimpeleka shangazi sokoni. Ana miaka 71 sasa, na kikapu nakibeba mimi. Tulizunguka mikono mitupu, tukarudi, tukanunua sado la viazi, vitunguu, nazi tatu, mchicha, dagaa wa Mwanza wa fungu. Kwenye meza ya mwisho palikuwa na mapapai yamekatwa, mekundu, nzi wamefukuzwa kwa ukuti. Nilisimama. Yeye alikuwa mbele hatua mbili, akageuka.

"Kimejaa?"

"Bado, shangazi. Kina nafasi."

"Kizito?"

Nilikihamishia mkono wa pili. "Kizito."

"Basi twende nyumbani, mwanangu."